Udongo wa Mbwemkuru Haumezi Kila Kitu

Kusini kidogo ya Mto Mbwemkuru, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu kutoka bandari ya Lindi, kuna kilima kiitwacho Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani walipiga kambi hapo, na mamia ya wenyeji, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, wakachimba mifupa ya madinosaria. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilifungashwa, zikabebwa vichwani na mabegani hadi pwani, kisha zikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa hadi leo katika jumba la makumbusho jijini Berlin, kimo chake kikizidi meta 13. Alikufa miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Nyama yake ililiwa na kuoza. Mifupa ilifunikwa na mchanga na tope, ikakosa hewa, ikabaki.

Habari hiyo ya kale inalihusu moja kwa moja shimo la taka lililo nyuma ya nyumba ya leo katika mji wa Nachingwea au Ruangwa. Udongo hula baadhi ya vitu, na vingine huvihifadhi. Kinachoamua ni hewa, maji, joto na, zaidi ya yote, kama ndani ya udongo huo kuna viumbe wenye uwezo wa kumeng'enya kilichofukiwa.

Kwa vizazi vingi shimo la taka halikumsumbua mtu. Liliingia maganda ya muhogo, makapi ya mbaazi, majivu, miiba ya samaki, majani yaliyofagiliwa uani. Likijaa lilifukiwa, na juu yake ukapandwa mgomba au mpapai, ukastawi kuliko mingine yote. Shimo ni lile lile leo, lakini kinachoingia kimebadilika: chupa za maji na soda, nailoni za sukari na chumvi, pampasi, betri za tochi, makopo ya rangi, vifuko vya sabuni. Mpapai unaopandwa juu ya shimo la namna hii hupeleka mizizi yake katika tabaka la plastiki.

Walaji wasioonekana

Gramu moja ya udongo wenye rutuba hubeba bakteria wanaohesabika kwa mamilioni, mara nyingine mabilioni, pamoja na kuvu na wadudu wadogo wengi. Hao ndio wafanyakazi wa kwanza wa usafi katika mji wowote, nao wana masharti yao. Huhitaji hewa, unyevu na chakula chenye uwiano: sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni.

Mkulima wa bonde la Mbwemkuru anaweza kuupata uwiano huo bila kipimo cha maabara. Kaboni imejaa katika vitu vikavu: majani ya mikorosho yaliyopukutika, mabua ya mahindi, mashina ya ufuta yaliyokwisha pukuchuliwa, karatasi na vumbi la mbao. Naitrojeni imo katika vibichi: maganda ya maembe na ndizi, mabaki ya mboga, majani mabichi ya mbaazi, mbolea ya kuku na mbuzi. Tabaka la vikavu likifuatwa na tabaka la vibichi, na lundo likanyunyiziwa maji hadi liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, bakteria huanza kazi siku hiyo hiyo.

Baada ya siku chache lundo hupata joto, na katikati yake joto hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Joto hilo halitokani na jua. Ni nguvu inayotolewa na viumbe wadogo wanapovunja sukari na protini, kama mwili wa binadamu unavyopata joto kwa kula. Likidumu kwa siku kadhaa huua mayai ya nzi, vimelea vingi vya magonjwa na mbegu za magugu. Mabwana shamba wamekuwa wakifundisha njia rahisi ya kulipima: chomeka mti mrefu katikati ya lundo, uuchomoe baada ya siku chache na kuushika. Ukiwa wa moto na wenye unyevu, kazi inakwenda. Ukiwa mkavu, ongeza maji. Ukiwa wa baridi na unanuka, lundo limekosa hewa, lipindue.

Kupindua lundo kuna sababu ya msingi. Hewa ikiisha, bakteria wanaotumia oksijeni hufa au hulala, na nafasi yao huchukuliwa na wengine wasioihitaji. Hawa huozesha taka polepole na kutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha joto angahewa takribani mara 28 kuliko uzito ule ule wa kaboni dayoksaidi. Ganda la ndizi lililotupwa juu ya lundo lenye hewa hugeuka mboji. Ganda lile lile likifungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kufukiwa chini ya taka nyingine hugeuka chanzo cha gesi na maji machafu yenye harufu.

Mara nyingine haligeuki kabisa. Profesa William Rathje wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, alianza kuchunguza taka kwa mbinu za elimukale mwaka 1973, na miaka ya 1980 akaanza kutoboa madampo yaliyofukiwa. Timu yake ilikuta magazeti ya miongo kadhaa nyuma yakiwa bado yanasomeka, na magunzi ya mahindi yakiwa na punje zake. Taka zilizoshindiliwa bila hewa wala maji zilikuwa zimehifadhiwa, si kuozeshwa.

Wahenga waliposema mavi ya kale hayanuki, walikuwa wanashuhudia kazi ya bakteria waliopata hewa na muda. Mboji iliyoiva, baada ya miezi miwili hadi minne, hunuka udongo wa mvua ya kwanza.

Kiasi kinachoweza kuokolewa kwa njia hii ni kikubwa. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2018, ilikadiria kuwa mtu mmoja katika Afrika kusini mwa Sahara huzalisha wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Familia ya watu watano kwa kiwango hicho hufikisha kilo 2.3 kwa siku, karibu kilo 840 kwa mwaka. Katika nchi zenye kipato cha chini, zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na mimea. Familia inayotengeneza mboji uani kwake huondoa nusu ya mzigo wake wa taka kabla gari, guta au mkokoteni haujafika mlangoni.

Rambo ilikwenda, nailoni ikabaki

Plastiki ni habari nyingine. Nailoni ya kawaida imeundwa kwa minyororo mirefu ya kaboni iliyoungana kwa nguvu, na viumbe wa udongoni hawana vimeng'enya vya kuikata kwa kasi yenye manufaa. Jua huifanya ikakamae na kupasuka. Vipande huwa vidogo, kisha vidogo zaidi, mpaka jicho lisivione, lakini vinaendelea kuwa plastiki. Mbuzi akivila hujaza tumbo kwa kitu kisichomeng'enyeka. Mvua ikinyesha, vingine huteremka makorongoni hadi mtoni, na Mbwemkuru humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, kati ya Kilwa na Lindi.

Watafiti watatu wa Marekani, Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law, walikokotoa mwaka 2017 kuwa binadamu alikuwa ametengeneza tani bilioni 8.3 za plastiki hadi mwaka 2015. Kati ya plastiki iliyokwisha kuwa taka, asilimia 9 tu ilirejelezwa na asilimia 12 ilichomwa. Iliyobaki ilikuwa imelala madamponi au imezagaa ardhini na majini.

Tanzania Bara ilichukua hatua kubwa tarehe 1 Juni 2019, pale katazo la mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa lilipoanza kutumika. Aliyelitangaza bungeni mwezi Aprili mwaka huo alikuwa Kassim Majaliwa, wakati huo Waziri Mkuu na mbunge wa Ruangwa. Kanuni ziliweka faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, kwa mtu anayekutwa na mfuko huo. Kwa mtengenezaji au mwingizaji, faini ilifika hadi shilingi bilioni moja. Mifuko iliyoitwa rambo na malboro, ambayo kila duka liliitoa bure, ilitoweka sokoni, na akina mama wakarudi kwenye vikapu na mifuko mbadala.

Katazo hilo liligusa mfuko wa kubebea. Halikugusa chupa ya maji, kifungashio cha tambi, kifuko cha sabuni ya unga wala pampasi. Pampasi inahitaji kutajwa peke yake kwa sababu inaongezeka haraka mijini. Tabaka lake la nje ni plastiki, na katikati yake kuna punje za kemikali zinazonyonya maji mengi na kuwa kama uji mzito. Haiozi, haifai kwa mboji na haina mnunuzi. Kinachowezekana ni kuondoa kinyesi na kukitupa chooni, kisha kuifunga na kuiweka pamoja na taka za dampo, mbali na shimo la mboji. Nepi ya kitambaa, kwa familia yenye maji ya kutosha, bado inafanya kazi ile ile iliyofanya kwa bibi zetu.

Sayansi imeanza kuona dalili za walaji wa plastiki. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walieleza juu ya bakteria waliompata katika mji wa Sakai, ambaye huvunja aina ya plastiki inayotengenezewa chupa za maji. Mwaka 2024 watafiti wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi walitangaza kuwa mabuu ya mbawakavu mmoja wa Kenya huweza kula plastiki nyeupe nyepesi inayofungia vyombo vya umeme. Ni matokeo yenye kutia moyo, lakini hakuna mdudu wala bakteria aliyeko tayari kusafisha korongo la Nachingwea mwaka huu.

Moshi wa jioni

Shimo likijaa, njia ya haraka ni kiberiti. Jua linapozama, moshi huinuka nyuma ya nyumba nyingi, na watoto hucheza ndani yake.

Moto wa uani hauna joto la kutosha wala hewa ya kutosha kuunguza plastiki hadi mwisho. Tanuri maalumu la kuteketeza taka hutakiwa kufika nyuzi 850 au zaidi na kulifikisha joto hilo kwa moshi wote. Moto wa majani na nailoni mbichi uko chini sana ya hapo, hivyo hutoa masizi, kaboni monoksaidi na kemikali nyingine nyingi. Kukiwa na plastiki yenye klorini, kama vipande vya mabomba na nyaya, huzaliwa dioksini. Aina moja ya dioksini ilitangazwa mwaka 1997 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Dioksini hutua juu ya majani, kuku na mbuzi wakala, na sumu hiyo hukaa katika mafuta ya nyama, mayai na maziwa kwa muda mrefu.

Majivu nayo hubadilika. Majivu ya kuni ni mbolea nzuri ya bustani. Majivu ya betri, rangi na plastiki yanaweza kuwa na risasi na metali nyingine, na hayafai kumwagwa kwenye mchicha.

Kopo, tairi na ugonjwa wenye jina la Kimakonde

Mwaka 1952 watu wa Nyanda za Juu za Makonde, upande wa Newala, walipatwa na homa kali iliyoambatana na maumivu ya viungo yaliyowafanya watembee wamejikunja. Madaktari Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliueleza ugonjwa huo katika maandiko ya kitaalamu mwaka 1955, na ukaitwa chikungunya, neno la Kimakonde linalohusu kupinda au kujikunja. Leo ugonjwa huo unajulikana katika mabara ya Asia, Ulaya na Amerika kwa jina lililotoka kusini mwa Tanzania.

Uwanda wa Makonde ulikuwa na shida kubwa ya maji, na watu walilazimika kuyahifadhi ndani ya nyumba. Mbu wa aina ya Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, alizaliana katika vyombo hivyo. Siku hizi taka zimempa makazi zaidi: kopo, tairi kuukuu, kifuu cha nazi, kizibo kikubwa, chupa iliyokatwa. Maji kidogo tu yanamtosha. Kwenye joto la kusini, yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, yakisubiri mvua. Mbu huyu huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakimzuii vya kutosha. Ndiye pia anayeeneza dengue, iliyoikumba Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019.

Kwa sababu hiyo, kopo lililoachwa wima nyuma ya banda ni suala la afya. Kulitoboa chini, kulipondaponda au kuligeuza mdomo chini ni kazi ya dakika moja.

Chupa ya dawa ya mikorosho

Katika wilaya zinazoishi kwa korosho kuna taka moja ambayo miongozo ya miji mikubwa huisahau. Mikorosho hupuliziwa salfa ya unga na viuatilifu vya maji ili kuzuia ubwiriunga na wadudu. Msimu ukiisha, chupa na vifuko tupu hubaki. Chupa ni imara, ina kifuniko kizuri, na mtu hushawishika kuitia mafuta ya taa, au hata maji ya kunywa shambani.

Sabuni haiiokoi. Sumu huingia katika ngozi ya plastiki yenyewe na kutoka kidogo kidogo. Utaratibu unaokubalika kimataifa ni kuisuuza chupa mara tatu pale inapoishiwa, maji ya kusuuzia yakirudishwa kwenye mashine ya kupulizia na kutumika shambani, kisha kuitoboa ili isitumike tena. Baada ya hapo ihifadhiwe peke yake na kurudishwa kupitia muuzaji, chama cha ushirika au ofisa kilimo. Isichomwe, isifukiwe karibu na kisima, na isiingie kwenye gunia la mnunuzi wa plastiki, kwa sababu plastiki hiyo inaweza kuzaliwa upya ikiwa ndoo ya jikoni.

Vyuma vya mradi wa karanga

Nachingwea ni mji ambao historia yake imeshikamana na vyuma chakavu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha punde, na mashine mpya zilikuwa adimu, kwa hiyo wakanunua matingatinga yaliyotumika vitani. Kiwanda cha Vickers kilichukua hata vifaru vya Sherman na kuvigeuza matrekta yaliyoitwa Shervick. Udongo mgumu na visiki vilivishinda. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kumeza takribani pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kuunganisha Nachingwea na pwani ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa.

Chuma cha aina hiyo hakipotei. Mfanyabiashara wa skrepa anayepita mitaani leo na mizani yake anafanya kazi ambayo fundi wa kusini ameijua muda mrefu. Makopo yakawa koroboi, matairi yakawa katambuga, mapipa yakawa mabati na majiko. Alumini ina nafasi ya pekee: huyeyuka kwenye nyuzi 660, joto ambalo tanuri la mkaa lenye kipulizio hulifikia, na ndiyo sababu mafundi huweza kusubu masufuria kutokana na vyuma vya injini na vyombo vilivyovunjika. Kuyeyusha alumini iliyotumika huokoa takribani asilimia 95 ya nishati inayohitajika kuitoa kwenye mawe ya madini. Chuma cha kawaida huyeyuka kwenye nyuzi karibu 1,500, hivyo hupakiwa lori na kupelekwa viwandani mbali.

Chupa ya soda ya kioo inatoa somo jingine. Mnunuzi aliiacha dukani au aliweka fedha ya chupa, ikarudi kwenye kreti, ikaoshwa na kujazwa tena mara nyingi. Haikuonekana jalalani kwa sababu ilikuwa na thamani. Chupa ya plastiki iliyochukua nafasi yake ina thamani ndogo mno kwa kipande kimoja. Tupu, ile ya nusu lita ina uzito wa gramu chache, na hutakiwa chupa hamsini au zaidi ili kupata kilo.

Hapa ndipo miji midogo inapopata shida yake ya kweli. Kutoka Nachingwea hadi viwanda vya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Lori lililojazwa chupa ambazo hazikubanwa hubeba hewa, na nauli hula faida yote. Ufumbuzi wake unajulikana: chupa zikusanywe mahali pamoja kwa mtaa au kata, zitolewe vizibo, zipangwe kwa rangi, zibanwe au zisagwe, na zisafirishwe zikifika tani kadhaa. Mnunuzi hulipa vizuri chupa safi. Iliyopakwa mafuta, uji au kinyesi huikataa, kwani uchafu huharibu plastiki inapoyeyushwa.

Mifano ya kutumia plastiki karibu na ilipotupwa ipo Afrika Mashariki. Nairobi, mhandisi Nzambi Matee alianzisha Gjenge Makers, inayochanganya plastiki na mchanga kutengeneza matofali ya kutandaza njiani, kazi iliyompatia tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa vijana wa mazingira mwaka 2020. Gulu, kaskazini mwa Uganda, Takataka Plastics huyeyusha chupa kuwa vigae vya ukutani. Lamu, mafundi wa mashua waliunda jahazi la Flipflopi kwa takribani tani 10 za plastiki na kandambili zilizookotwa fukweni, na mapema mwaka 2019 likatweka tanga hadi Zanzibar. Lilisafiri karibu kilomita 500.

Dar es Salaam ilivyochelewa

Anayetaka kuona mji unaochelewa kutenganisha taka unafikia wapi, asome kesi za Dar es Salaam. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga na kuchoma taka katikati ya makazi yao. Mahakama Kuu iliamuru dampo lifungwe. Jiji liliomba muda, likaongezewa, likaomba tena, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa, akisema kuwa kuhatarisha afya za watu kunagusa haki yao ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, na mwaka huo huo wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani na kushinda. Baadaye zilikwenda Vingunguti, Mtoni, na mwishowe Pugu Kinyamwezi.

Kampala ilipata pigo zito zaidi. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka wa Kiteezi uliporomoka juu ya nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Mlima huo ulijengwa kwa vitu ambavyo havikupaswa kukaa pamoja: mabaki ya chakula yenye maji na gesi, na plastiki inayoteleza.

Nachingwea na Ruangwa hazijafika huko. Nyumba nyingi bado zina ua, udongo uko hatua tano kutoka jikoni, na shamba linalohitaji mboji liko kando ya mji. Ruangwa, hasa, inapanuka haraka, na uchimbaji wa madini ya kinywe wilayani unavuta watu na bidhaa. Kila duka jipya huja na vifungashio vyake. Faida ya ua na shamba itadumu kwa muda tu, kwa kuwa viwanja vinazidi kubanana.

Ndoo mbili na kiroba

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu, pamoja na kuhakikisha zinatenganishwa pale zinapozalishwa. Dar es Salaam, katika kata ya Bonyokwa, asasi ya Nipe Fagio na wakusanyaji taka wa hapo wameonyesha kuwa kaya za kawaida hukubali kutenganisha taka zikielezwa vizuri na zikiona kila aina inachukuliwa peke yake. Sharti la pili ni la lazima. Familia ikitenganisha nyumbani, kisha guta likachanganya kila kitu njiani, wiki inayofuata haitatenganisha tena.

Kwa kaya ya bonde la Mbwemkuru, vifaa vinavyohitajika ni ndoo mbili kuukuu na kiroba kimoja. Ndoo ya kwanza, yenye mfuniko, ni ya kila kinachooza: maganda, makapi, makoko ya ugali, majani. Hii humwagwa kwenye lundo la mboji kila siku na kufunikwa kwa majani makavu ili nzi wasiipate. Nyama na mafuta yawe kidogo, kwani huvuta panya. Maganda ya korosho yatengwe, kwa sababu yana mafuta makali yanayobabua ngozi na huoza taratibu sana. Viwandani, mafuta hayo hutengenezewa rangi na vifaa vya breki. Kiroba ni cha chupa, makopo, vyuma na karatasi kavu, vilivyosuuzwa, vikisubiri mnunuzi. Ndoo ya pili ni ya kisichooza wala kuuzika: pampasi, vifuko vya sabuni, nailoni chafu. Hiyo ndiyo inayokwenda dampo. Betri, balbu na chupa za viuatilifu zikae kwenye kopo lao, mbali na mikono ya watoto, hadi zipelekwe kwa bwana afya au ofisa kilimo.

Halmashauri nazo zina sehemu yao. Masoko yazalishayo taka za mboga kila siku yawe na eneo la mboji. Siku ya usafi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi iwe pia siku ya kupokea plastiki na vyuma kwa kupima kilo, isiwe ya kufagia na kuchoma tu. Shule za msingi zipewe lundo la mboji na bustani, ili mtoto aone kwa macho yake ganda la muhogo likigeuka udongo na kifuko cha pipi kikibaki kama kilivyoingia.

Mvua za kusini huanza mwezi Novemba au Desemba, na maji ya kwanza ndiyo yanayosomba taka za miezi sita ya kiangazi kutoka makorongoni hadi Mbwemkuru. Kila nyumba yenye shimo moja ichimbe la pili kabla ya mvua hizo, liwe la mboji peke yake, na kiberiti kiachwe jikoni.